Bei ya Gari Lililo Chini ya Mwembe

Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, limesimama gari. Matairi yamekwisha upepo, kioo cha mbele kimefunikwa na vumbi na utomvu, kuku ametagia kwenye kiti cha nyuma. Ni Peugeot 404. Leo amepita mtu, amelizunguka mara mbili, kisha akauliza linauzwa kiasi gani. Nyumbani hakuna aliyekuwa na jibu.

Mazungumzo ya leo yanahusu jibu hilo: gari la kale ambalo halijakarabatiwa hupimwaje thamani yake? Jambo lenyewe si dogo. Muuzaji akikosea, hukitoa kwa bei ya chuma chakavu kitu ambacho hakitengenezwi tena. Mnunuzi akikosea, hujikuta baada ya miaka miwili ya kwenda na kurudi gereji ametumia pesa ambazo zingemnunulia magari mawili ya aina ileile, mazima na yanayotembea.

Tuanze na neno lenyewe, "halijakarabatiwa". Neno hilo linafunika magari ya hali mbili zisizofanana hata kidogo. Lipo gari lililohifadhika. Rangi yake ni ileile liliyotoka nayo kiwandani, hata kama imefifia. Viti ni vilevile, taa ni zilezile, na kila kilichokuwamo siku liliponunuliwa bado kimo. Lipo pia gari lililotelekezwa. Hili limeliwa na jua, mvua, panya na watu waliohitaji spea: mmoja alichukua karbureta, mwingine taa, wa tatu akaondoka na bampa. Yote mawili hayajakarabatiwa, lakini la kwanza hupimwa kwa kile lilichonacho, na la pili hupimwa kwa kile kitakachobaki baada ya gharama kutolewa. Basi anayekwenda kulitazama gari ajiulize hili kabla ya mengine yote: limehifadhika, au limetelekezwa?

Je, gari lenye rangi iliyochakaa laweza kumzidi bei mwenzake anayeng'aa? Laweza, na limewahi. Januari 2014, kwenye mnada mmoja huko Scottsdale, Arizona, ziliuzwa Mercedes-Benz 300 SL mbili, zile za miaka ya 1950 ambazo milango yake hufunguka kwenda juu kama mabawa. Moja ilikuwa imekarabatiwa, imenyooshwa na kupakwa rangi upya. Nyingine haikuwa imeguswa, na uchakavu wake ulionekana wazi. Iliyokarabatiwa ilipata takriban dola milioni 1.4. Ile chakavu ilipata karibu dola milioni 1.9.

Kwa nini? Rangi mpya hupakwa wakati wowote, na fundi mzuri hushona viti vipya kwa wiki chache. Lakini rangi ya kiwandani, mshono wa wakati ule, na skrubu ambazo bisibisi haijapata kuzigusa, vikishaondolewa havinunuliki popote. Anayetaka kujua gari la 1956 lilitengenezwaje hasa hulitafuta lile ambalo halijaguswa, kama mtafiti wa tenzi anavyoutafuta mswada wa zamani wenye herufi za Kiarabu badala ya nakala iliyopigwa chapa juzi. Mashindano ya Pebble Beach, California, ambako magari ya kale huhukumiwa kwa uzuri wake, yana daraja la magari yaliyohifadhika. Agosti 2024, kwa mara ya kwanza, gari la daraja hilo lilitwaa tuzo kuu ya mashindano yote. Lilikuwa Bugatti Type 59 ya 1934, iliyowahi kuwa mali ya Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji.

Hapa pana hatari ya kuelewa vibaya, na ni vizuri isemwe mapema. Kutu si uasili. Tundu kwenye sakafu halimpi mtu historia yoyote. Gari linaloheshimiwa kwa kutoguswa ni lile ambalo vitu vyake bado vipo na bado vinafanya kazi, au vinaweza kufanya kazi. Lile la chini ya mwembe huenda likawa hivyo, na huenda lisiwe hivyo. Dawa ni kulikagua.

Kabla ya kulikagua, tufanye hesabu moja nyepesi. Tuseme 404 iliyokarabatiwa vizuri sokoni inapata 100. Mia ya nini si hoja. Ni kipimo tu. Sasa zitolewe gharama. Bodi na rangi, 45. Injini, gia na breki, 20. Viti na mambo ya ndani, 15. Spea za kuagiza na usafiri wake, 10. Jumla ni 90, na imebaki 10. Je, gari linunuliwe kwa 10? Hapana, bado. Kila fundi bodi anajua kwamba paneli ikishafunguliwa huonekana ambayo hayakuonekana. Kwa hiyo iongezwe moja ya tano ya gharama kwa ajili ya hayo, yaani 18. Jumla imekuwa 108. Kwa hesabu hiyo, hata gari likitolewa bure, anayelikarabati ili aliuze amepata hasara ya 8.

Tarakimu hizo ni za mfano, lakini umbo lake ni la kweli kwa magari mengi ya kawaida, na hilo lirudiwe: gari la kawaida lililotelekezwa mara nyingi halilipi gharama za kulikarabati. Anayelichukua hulichukua kwa mapenzi, kwa kumbukumbu ya mzazi, au kwa sababu kazi nyingi ataifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Mambo hubadilika pale bei ya gari lililokamilika inapokuwa kubwa. Fundi wa bodi hatozi kwa jina la gari. Kunyoosha mlango wa 404 ya kawaida na kunyoosha mlango wa 404 ya wazi, ile yenye paa la turubai, ni kazi zinazokaribiana. Lakini 404 za milango minne zilitengenezwa kwa wingi sana, na zile za wazi zilikuwa chache sana, bodi zake zikiundwa na Pininfarina wa Italia, ambaye ndiye aliyechora umbo la 404 tangu ilipotoka 1960. Gharama za ukarabati ni zilezile au zimezidi kidogo, na bei ya mwisho ni mara kadhaa. Ndiyo maana swali la "ni modeli ipi hasa?" lina uzito kuliko swali la "linawaka?"

Twende sasa kwenye ukaguzi, na ukaguzi huanzia chini. Watu wengi hufungua boneti kwanza. Waifungue baadaye. Injini hutolewa na kutengenezwa mezani. Bodi iliyooza haina njia ya mkato.

Peugeot 404 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango, kwenye sakafu na mahali springi zinaposhikiliwa ni kutu kwenye uti wa mgongo wa gari. Mlango uliooza hubadilishwa kwa mlango mwingine. Vizingiti vikioza gari hupinda, na dalili yake ni milango isiyofunga sawasawa, au inayokwama pindi gari likiinuliwa kwa jeki. Mkaguzi ainue mazulia aone sakafu. Atoe tairi la akiba aone linapolala, maana maji hutuama hapo. Apapase sehemu za chini za milango kwa ndani, na atazame ukingo wa chini wa kioo cha mbele.

Abebe na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku hushika chuma na haishiki puti. Ikipita juu ya bodi ikateleza ghafla mahali pamoja, pale pana puti, na chini ya puti pana jeraha ambalo mtu alilifunika. Kugonga kwa kifundo cha kidole husaidia vilevile: chuma kitupu hulia, puti hutoa mlio mzito uliofifia.

Lakini sumaku hiyohiyo ikipelekwa kwenye Land Rover ya zamani itampotosha asiyejua. Land Rover ilipotoka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na bodi yake ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Sumaku haishiki karibu bodi nzima, na si kwa sababu ya puti. Bodi hiyo haioti kutu ya chuma, na kwa kuwa haioti humpa mnunuzi faraja isiyo na msingi. Huku chini chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma, navyo huoza kimyakimya. Land Rover inayopendeza kwa juu yaweza kuwa na chesisi inayotobolewa kwa bisibisi. Kila gari lina mahali pake pa kufia, na mkaguzi anapaswa kupajua kabla hajaondoka nyumbani.

Mahali gari lilipolala nako kunasema mengi. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja limevuta hewa ya chumvi miaka yote. Lililokaa Dodoma au Nanyuki limepata hewa kavu. La pwani huliwa na kutu kutoka ndani kwenda nje, na mpaka rangi itoe malengelenge, chuma kilichokuwa chini yake kimeshakwenda. La bara kavu huteswa na jua: mipira hukatika, dashibodi hupasuka, vitambaa vya viti huchanika kama karatasi. Kati ya hayo mawili, la jua lina nafuu kubwa. Mpira hununuliwa, kiti hushonwa. Bodi iliyooza hukatwa na kuchomelewa kipande kwa kipande, na fundi hulipwa kwa kila siku anayokaa nayo.

Na uasili hutambuliwaje? Rangi ya nje ilinganishwe na rangi ya mahali pasipopakwa upya kwa urahisi: chini ya mazulia, ndani ya buti, nyuma ya mpira wa mlango, chini ya dashibodi. Zikitofautiana, gari limepakwa rangi. Kuna ukungu wa rangi kwenye mipira au kwenye nyaya? Basi aliyepaka hakutoa vitu, alifunika kwa gazeti tu. Vioo vyote vina chapa moja ya mtengenezaji? Kimoja kikitofautiana, kilivunjika siku moja, na inafaa kuuliza siku hiyo kulitokea nini. Hakuna kati ya hayo linaloua gari. Ila kila moja linapunguza kidogo haki ya muuzaji ya kudai bei ya gari ambalo halijaguswa.

Sasa vilivyopungua. Hapa ndipo wanunuzi wapya huumia. Wakiona gari halina injini hushtuka, wakiona halina taa za nyuma hupuuza. Mara nyingi ilipaswa kuwa kinyume chake. Injini za magari yaliyouzwa kwa wingi zilitengenezwa kwa wingi, na pistoni, ringi na gasketi bado hupatikana. Mapambo ya kromu, vioo vya taa, vifuniko vya mageji, nembo na vitasa vya ndani ndivyo vinavyomzungusha mtu kwa miaka. Gari lililokamilika lenye injini iliyokwama laweza kuwa na thamani kuliko gari linalowaka lakini limepukutishwa vitu vyake vidogo. Kila kinachokosekana kiandikwe, kitafutiwe bei, na bei hiyo itolewe.

Injini yenyewe je? Isiwashwe kwa pupa. Gari lililokaa miaka kumi likapigwa stati na betri ya kuazima, ringi zilizoshikana na silinda zaweza kukwaruza kile ambacho kingeokolewa. Oili imwagwe kidogo kwenye silinda kupitia matundu ya plagi, iachwe ilale, kisha injini izungushwe kwa mkono. Ikizunguka, habari ni njema. Isipozunguka, hesabu ifanywe kana kwamba itafumuliwa yote. Kwa 404 zenye mfumo wa kupuliza petroli badala ya karbureta, pampu yake itazamwe kwa makini, maana ni chombo cha vipimo vidogo mno na mafuta yaliyoganda huidhuru.

Kisha namba. Namba ya injini na namba ya chesisi zilinganishwe na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Si ajabu Afrika Mashariki kukuta Land Rover ya miaka ya 1960 ikitembea kwa injini ya dizeli ya Kijapani. Aliyeibadilisha alikuwa na sababu nzuri: alitaka gari lifike shambani. Lakini kwa mtu anayetafuta gari la asili, badiliko hilo ni punguzo, na punguzo huwa kubwa zaidi ikiwa injini ya mwanzo ilishauzwa. Ikiwa bado ipo kwenye kona ya stoo, isiuzwe mbali na gari lake.

Tufike kwenye karatasi, wasikilizaji, na hapa pasikimbiwe. Ford Mustang iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968 ilinunuliwa na mtu wa kawaida mwaka 1974 kwa dola 6,000. Familia yake ikaitumia kwa safari za kila siku. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba kuinunua, na hakuuziwa. Januari 2020 gari hilo, bila kukarabatiwa, likiwa na kutu na alama za kazi ya filamu, liliuzwa Florida kwa mnada, na mnunuzi akalipa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Bila karatasi na ile barua, ingekuwa Mustang moja ya kijani iliyochakaa, na mwenye kusema ilikuwa ya McQueen angeulizwa: nani anajua?

Huku kwetu madai kama hayo yapo pia. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo, za 1966 na 1967, zilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Gari likithibitika kuwa lilishiriki mbio hizo, bei yake hupanda. Lakini kinachothibitisha ni nini? Ni picha ya wakati ule yenye namba ya usajili inayosomeka, ni hati za mashindano, ni alama za kazi kwenye bodi. Neno la dalali halithibitishi, na stika ya mbio iliyobandikwa mlangoni haithibitishi. Madai yasiyo na ushahidi yapewe thamani ya sifuri.

Karatasi za kawaida nazo zina bei. Gari lililosajiliwa kwa jina la marehemu halihamishwi mpaka mambo ya mirathi yakamilike, na mnunuzi anayelipa kabla ya hapo amenunua maneno ya ndugu mmoja. Baadhi ya watengenezaji na makumbusho ya magari, kama yale ya Gaydon huko Uingereza, hutoa vyeti vinavyoonyesha gari lilitoka lini kiwandani na likiwa na rangi gani. Kwa Land Rover, Austin au Morris, cheti hicho hugharimu kidogo kikilinganishwa na mzozo kinaouzuia.

Mwisho kuna soko. Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu. Bei ya kushika ni ile iliyolipwa kwa gari la hali ileile, hivi karibuni. Na mnunuzi ni wa wapi? Magari yetu usukani wake uko kulia, na Mfaransa anayetafuta 404 kwa kawaida anautaka kushoto. Kwa upande mwingine, Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa magari ya mitumba yenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo ya kale yaliyopo nchini hayaongezeki kwa urahisi, na hilo huyapa uzito mbele ya wanunuzi wa ndani.

Na zile habari kubwa za ulimwengu zisitumike kama kipimo. Kweli, Bugatti ya 1925 iliyozama katika Ziwa Maggiore ilitolewa majini 2009, na Januari 2010 ikauzwa Paris kwa zaidi ya yuro 260,000 ikiwa gofu la kutu. Kweli, Ferrari iliyokutwa Ufaransa chini ya marundo ya magazeti iliuzwa 2015 kwa zaidi ya yuro milioni 16. Lakini ile ya kwanza ilinunuliwa kwa ajili ya kisa chake, na ya pili ni ya modeli iliyotengenezwa kwa makumi machache tu. 404 ya milango minne haimo katika hesabu hiyo.

Basi mwenye gari chini ya mwembe afanye nini leo? Asilipake rangi ili lipendeze machoni pa mnunuzi, maana huenda akafuta kitu pekee kilichokuwa na bei. Asilioshe kwa mashine yenye nguvu. Alifunike lisipate mvua, aliinue juu ya matofali, na apige picha za kila upande likiwa vilevile lilivyo. Asitoe hata taa moja kumpa jirani. Kisha kadi ya gari, funguo za akiba na risiti za zamani zitafutwe ndani ya nyumba, na aliyelinunua gari, kama bado yupo, aulizwe wiki hii alilinunua wapi, mwaka gani, na kwa nani.